Transfoma Imekwama Konani

Leo ni siku ya tatu transfoma imekwama kwenye kona yetu. Si zile ndogo za juu ya nguzo. Hii ni kubwa kuliko nyumba ya vyumba viwili, imefunikwa maturubai, imelala juu ya lori ambalo magurudumu yake nilihesabu nikafika themanini, nikaacha. Imetoka kwa kampuni inayouza mitambo ya umeme dunia nzima, inakwenda kituo kipya hapo mbele, na lori limeshindwa kukata kona. Jana watu wa barabara wakaja na rangi nyekundu, wakachora alama kwenye ukuta wa karakana ya Cheche, mchomelea vyuma. Unavunjwa leo saa nne. Sisi tumekaa kwenye benchi letu tangu alfajiri kumtetea. Mimi nashona viatu hapa hapa, kwa hiyo kila upuuzi nausikia, na mwingine nausema mwenyewe.

Aliyeanza ni Profesa, ambaye husoma hata magazeti yaliyofungiwa misumari.

— Hawa jamaa wajanja. Nyaya wanazungushia nchi moja, mafuta wanatia nchi nyingine, boliti zinatoka ya tatu. Ikiharibika, hujui umlaumu nani.

— Hilo dogo, akadakia Dalali, anayepangisha vyumba ambavyo hajawahi kuviona. Hao wana waya mmoja umezunguka dunia. Mtu huko kwenye barafu akizima hita, umeme unaobaki ndio unaletwa kwako. Unafikiri kwa nini taa zetu zinafifia jioni? Wenzetu wanaoga maji moto.

— Na asubuhi? nikauliza.

— Asubuhi wanapiga pasi.

Bi Kahawa, muuza kahawa wetu, akamjazia kikombe.

— Wewe kwako hata nguzo haijafika. Hao wanaooga wamekukosea nini?

Cheche alikuwa amesimama, kikombe hajakigusa.

— Jamani, saa tatu na nusu hii. Karakana hiyo ndiyo inasomesha wanangu.

— Tulia, ndugu yangu, Profesa akamwambia. Hiyo alama si bure. Kampuni imesikia unafufua majenereta mabovu. Huko makao makuu picha yako imebandikwa ukutani.

— Picha yangu mimi?

— Wanakuogopa.

— Tena humo ndani si transfoma, akasema Dalali kwa sauti ya chini. Ni kituo kizima, kimekunjwa. Wakifika wanakimwagia maji, kinafunguka chenyewe, mabwawa na kila kitu.

Hapo na mimi damu ikanichemka. Nikasema havunjiwi mtu ukuta hapa, labda lori lipite juu ya mwili wangu. Profesa akasema na wake. Dalali akajipiga kifua, akaomba aongezewe kahawa.

Ndipo akatokea mwanamke mwenye kofia ngumu na futi ya kupimia, viatu vimejaa vumbi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, akajibu Bi Kahawa. Karibu.

— Asante, mama. Mimi ni mhandisi wa hii kampuni. Nimepima upya asubuhi, nikaona ukuta hauna kosa, hakuna haja ya kuuvunja. Lori linakosa hatua moja tu, na hatua yenyewe ni hapa mlipokaa. Hili benchi ni la nani?

Miguu ya chuma ya benchi tuliizika kwenye zege kwa mikono yetu wenyewe, mwaka ule, ili asitokee mtu wa kutuhamisha. Profesa akamtazama Dalali. Dalali akatazama ndani ya kikombe chake. Mimi niliyekuwa tayari kukanyagwa na magurudumu themanini nikajifanya natafuta sindano. Niliona aibu, sikatai, lakini sikuinuka.

— Kwani ukuta wenyewe, Cheche, Dalali akauliza taratibu, ni mrefu sana?

Cheche akaingia karakanani, akatoka na msumeno wa chuma, akapiga magoti mbele yetu, akaanza kukata mguu wa kwanza wa benchi.

Profesa akainua miguu yake kidogo, ampe nafasi.