Mama Watu Wawili: Mchonga Mihuri Aliyeuliza "Nani Anakujua?"

Marehemu mama yetu, aliyejulikana mjini kote kwa jina la Mama Watu Wawili, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu wa fundi reli na mshona nguo. Bibi yetu alisimulia kwamba mtoto huyu alitoka amekunja ngumi zote mbili, na mkunga akacheka: "Huyu kuna mtu ana kesi naye." Wanaomfahamu watakubali kwamba mkunga aliona mbali.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na karakana ya reli, akamaliza mwaka 1965. Hesabu hazikumpenda, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri mno. Kwa hiyo Januari 1966 mjomba wake, mchonga mihuri mwenye duka mkabala na mahakama, alimchukua akamfundishe kazi. Muhuri wake wa kwanza ulikuwa wa zahanati. Aliuchonga kwa siku tatu, akaugonga kwenye karatasi mbele ya wateja, na maneno yote yakatoka kinyumenyume, kwa sababu aliyachonga kama yanavyosomeka. Mjomba hakumgombeza. Aliuweka muhuri ule rafu ya juu akasema, "Uwe unautazama ukianza kujiona fundi." Alipolirithi duka mwaka 1970 aliuacha pale pale, na mpaka leo upo.

Sheria yake ya watu wawili haikutoka hewani. Mwaka 1971 alikuja bwana mmoja nadhifu, suti imepigwa pasi, barua ya uteuzi mkononi: msimamizi mpya wa ardhi. Barua ilikuwa ya kweli, sahihi ilikuwa ya kweli. Marehemu akamchongea muhuri safi, na bwana akamsifu. Baada ya wiki mbili mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliingia dukani na kuweka juu ya meza karatasi ya kumtaka ahame, imegongwa muhuri ule. Nyumba kumi na moja zilipewa karatasi kama ile, na hakuna mwenye nyumba aliyekuwa amewahi kumwona huyo msimamizi. "Wamesema wewe ndiye uliyeuchonga muhuri huu," yule mama alisema. "Nilitaka tu nikuone." Kisha akaenda zake. Marehemu alifunga duka siku ile akalia, na alikuwa akituambia wazi kwamba jambo lile lilimuuma kuliko kuzaa. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini kuanzia siku hiyo, kila aliyetaka muhuri wa cheo alitakiwa kuja na vitu viwili: barua ya waliomteua, na watu wawili wa kawaida wa mahali atakapotawala, waseme kwa midomo yao kwamba wanamjua na wanamkubali. Sheria ya nchi ilidai barua tu. Watu wawili aliwadai yeye.

Ndivyo alivyompata baba yetu. Mwaka 1973 mwalimu kijana wa somo la siasa alitumwa kufuata muhuri wa shule, akaulizwa watu wake wawili wako wapi. Kesho yake alirudi na darasa zima, wanafunzi arobaini na mmoja, wakajipanga hadi kwenye ngazi za mahakama. Alipokuja kuuchukua muhuri alianza kujigamba. Alimweleza kwamba dola ni chombo chenye haki ya peke yake ya kutumia nguvu ndani ya mipaka yake.

"Haki hiyo nani kaipa?" marehemu aliuliza, macho kwenye kisu.

Mwalimu akaeleza kwamba watawala hupata uhalali kwa njia tatu: wengine kwa mila, wengine kwa haiba yao, wengine kwa sheria.

"Mila ya nani? Haiba mbele ya nani? Sheria iliyokubaliwa na nani? Mwalimu, mbona zote tatu zinarudi kwenye watu wangu wawili?"

Baba anakiri kwamba hapo ndipo alipoomba kuoa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1974. Kila mwaka swali lile alilifundisha darasani kama la kwake, na kila mwaka marehemu alimdai shukrani.

Aya zinazofuata tumeombwa tuziondoe. Juzi ofisi ya wilaya ilimtuma mjumbe nyumbani, akasema mambo ya mwaka 1988 yasisomwe kaburini kwa heshima ya serikali. Dada yetu mkubwa alimkaribisha chai. Mjumbe alipomaliza kunywa, dada alimwambia kwamba mama aliiheshimu serikali kiasi cha kuiuliza swali. Tumezichapa, na tunazisoma.

Jumatatu, tarehe 6 Juni 1988, mwenyekiti wa mtaa wetu, aliyechaguliwa na wakazi, alikuwa ameondolewa kwa amri kutoka juu. Watu watatu waliingia dukani: karani wa wilaya, mwenyekiti mpya ambaye hajawahi kulala mtaani hata usiku mmoja, na askari.

"Barua hii hapa," karani alisema. "Muhuri tunautaka kesho."

"Barua nimeiona. Watu wawili wako wapi?"

Mwenyekiti mpya alimnyooshea kidole askari. "Huyu hapa ananijua."

"Huyo analipwa akujue. Niletee wa mtaani, hata muuza maji."

"Mama, unajua tunaweza kulifunga hili duka?" karani aliuliza.

"Najua. Kufunga mnaweza. Mimi sijauliza mnaweza nini."

Aliogopa. Asije mtu leo akasema hakuogopa. Sisi tulioshika gauni lake siku ile tunajua. Walilifunga duka, wakabandika karatasi mlangoni na kuigonga muhuri wa wilaya, ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeuchonga. Aliuinamia, akautazama, akasema, "Herufi ya tatu imeanza kulika. Nikifunguliwa, njooni niwachongee mwingine."

Duka lilifungwa miezi kumi na minne. Baba alihamishiwa shule ya mbali. Marehemu alifua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka. Majirani waliompenda walimsihi: "Mwenye nguvu mpishe." Akawajibu, "Njiani nitampisha. Kwenye meza yangu, hapana."

Mwenyekiti mpya alipata muhuri wake kwingine, mzuri tu. Akakaa nao ofisini. Mwenye kuandikisha mtoto shule hakwenda, mwenye msiba hakwenda. Watu waliandika barua zao kwenye karatasi za daftari, majirani wawili wakaweka sahihi, na mwalimu mkuu na muuguzi mkuu wakazipokea. Wino wa ofisi ile ulikauka kwenye pedi. Agosti 1989 wilaya ilichoka, ikaitisha uchaguzi uwanjani pa shule, na akashinda mama muuza mkaa. Duka lilipofunguliwa, alikuja kufuata muhuri akiwa na watu zaidi ya mia mbili, wakiimba, vumbi tupu.

Marehemu alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Nilisema wawili," akasema, kisha akalia mbele ya watu wote.

Mwaka 2016 mikono yake ilianza kutetemeka, akamkabidhi dada yetu kisu. Moyo nao ulidhoofika. Alilazwa tarehe 2 Februari 2023. Daktari kijana alipomletea fomu ya upasuaji, aliulizwa, "Baba, nani anakujua?" Tunamshukuru daktari yule kwa moyo wote: hakukasirika. Alitoka akarudi na wauguzi wawili, wakathibitisha, na marehemu akaweka sahihi. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini moyo haukupata nguvu tena. Alifariki Jumanne, tarehe 21 Februari, saa nne asubuhi, baba akiwa ameushika mkono wake wa kulia, ule wa kisu.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake mmoja wa kike, na duka mkabala na mahakama, ambalo litafunguliwa Jumatatu kwa masharti yale yale.

Hakuwahi kuwa na cheo, na hatuna barua ya kumsindikiza nayo. Kwa hiyo tunaomba jambo moja kabla udongo haujarudishwa: kila anayemjua mama huyu, na kumkubali, anyooshe mkono.

Wawili wangetosha. Alale salama, fundi wetu.