Baba Yenu Asichezwe Bila Woga

Fungeni mlango huo, wanangu, na wewe Faraji zima simu yako nikiona, maana siku hizi simwamini mtu anayeishika simu kifuani huku akiniambia ananisikiliza. Zubeda, niinulie mto. Nisikilizeni vizuri, pumzi yenyewe ndiyo hii mnayoiona, sitarudia.

Nyumba hii ya Vingunguti mtagawana kwa sheria yetu, shehe anaijua, na asije mtu na karatasi nyingine akasema mama alitia dole. Karatasi inayonitesa ni moja tu, ile ya kuruhusu marehemu baba yenu achezwe jukwaani, mnayoniwekea kitandani kila asubuhi pamoja na uji.

Yule kijana Wilbert, mwenye kikundi cha maigizo kule Temeke, alinisomea mchezo wote. Humo baba yenu Mwishehe anasimama kwenye lango la kiwanda cha ngozi, anahutubia, watu wanashangilia, askari wanarudi nyuma, kwisha. Nikamuuliza, huyu ni nani? Mume wangu alikuwaga na kigugumizi. Aliyesema langoni siku ile ya mgomo ni Romani, rafiki yake. Mwishehe alisimama pembeni, mikono imebabuka kwa dawa ya ngozi, kaiinua juu watu waione, na hata alipopigwa rungu hakuishusha. Hilo halikumtosha nani, mpaka akapewa maneno ya mwenziwe?

Wilbert akababaika, nami nikambana. Akasema, "Bibi, Mama Yustina, mjane wa Romani, alinieleza, nikaandika. Ila braza Faraji alisema familia haitaki, nikafuta." Usiinamishe kichwa, Faraji. Unautaka udiwani, nimeshaambiwa, na unataka kuupata kwa jina la baba asiye na doa. Na wewe Zubeda ulijua ukanyamaza, sijui uliahidiwa nini.

Sasa sikieni lile ambalo hata Yustina halijui. Siku ya tisa ya mgomo wakubwa wa kiwanda walikubali yote: glavu, mabuti, na mtu akiungua asifukuzwe tena. Wote warudi kazini, isipokuwa Romani. Baba yenu alikuwa keshavaa aende kukataa. Nikampokonya viatu, nikavitumbukiza chooni, nikamwambia, "Ukimfuata Romani, usinikute hapa." Wewe Faraji ulikuwa mgongoni mwangu, una homa. Akakaa kizingitini akalia, halafu akaenda kazini pekupeku, na wenziwe wakamfuata.

Romani alikufa bila kazi. Yustina hajanisalimia tangu siku hiyo, na nyie mmekua mkiambiwa ana kijicho na nyumba yetu. Mie ndiye niliyewaambia, na nilisema uongo. Maisha yangu yote nimemshuku kila anayepita mlangoni, na aliyefanya ubaya ni mie.

Lakini na hili Wilbert aliandike. Kila Ijumaa baada ya swala baba yenu alikwenda ofisini kwa wakubwa wale wale wa kiwanda, na kigugumizi chake, kudai Romani arudishwe. Wakimcheka anavyohangaika na neno la kwanza, anangoja wamalize, anaanza tena. Miaka kumi na moja, mpaka kiwanda kinafungwa. Mie nilikuwa namwona mjinga. Leo namwonea fahari, na namwonea huruma, na siwezi kumwambia.

Basi Romani apewe maneno yake. Kigugumizi kiwepo, watu wakicheka waacheni wacheke. Nendeni Mbagala kwa Yustina, wote wawili, mkamwambie habari ya viatu kwa midomo yenu, Faraji ndiye aanze. Karatasi aitie dole yeye kwanza. Akikataa, ichaneni, na udiwani utafute kwa jina lako.

Zubeda, maji... hapana, acha. Mwenyezi Mungu awape moyo wa kusema kweli kabla hamjazeeka. Awape riziki isiyowaaibisha. Awapatanishe na... na watoto wa Romani.

Na huyo binti... atakayenicheza mie. Mwambieni asilie. Akitupa vile viatu asilie. Mie sikulia. Nimelia... juzi tu, Wilbert aliponisomea pale watu wanaposhangilia.