Konstebo Alfayo Obonyo, Aliyewaita Watu wa Kedowa Kituoni

Wazee wetu, mchungaji, na ninyi mliosimama nje ya ua, mimi ni mdogo wake wa kumfuata, na familia imenituma nisome maisha yake kama alivyoagiza mwenyewe, bila kuruka mwaka wowote.

Alfayo Obonyo alizaliwa tarehe 12 Machi 1917 huko Nyakach, mtoto wa tatu wa Mzee Obonyo na Mama Aoko, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne mwaka 1931, kisha akaja Kericho kuchuma majani chai, na tarehe 4 Julai 1938 akaandikwa askari polisi. Mama yetu aliweka picha yake ya sare ndani ya Biblia, na watu waliokuwa wakitupita njiani wakaanza kutusalimu.

Tarehe 17 Agosti 1940 alimwoa Jerusa, wakapata watoto wanne, Beldina, Syprose, na wawili waliofariki wakiwa wachanga. Mwaka 1946 alihamishiwa kituo cha Kedowa, na Naftaly Mureithi, fundi wa nguo hapa senta, ndiye aliyemshonea Syprose nguo ya ubatizo, akakataa malipo.

Jumapili tarehe 8 Februari 1953, wakati wa Hali ya Hatari, mkubwa wa kituo alimwagiza apite kwa kila nyumba ya Wakikuyu, awaambie waje kesho yake saa mbili asubuhi na vipande vyao vya kitambulisho, waandikwe, kisha warudi kazini. Alipita bila bunduki, kwa sababu aliamini alichoambiwa, nao wakaja, kwa sababu ni yeye aliyesema. Naftaly alimjibu, “Ukisema wewe, Alfayo, hata duka sifungi,” akaja akiwa ameacha kitambaa chini ya sindano. Nyuma ya kituo kulikuwa na malori mawili. Watu sitini na wanne walipakiwa, na Alfayo ndiye aliyepewa karatasi asome majina, naye akayasoma yote.

Aliuliza walikopelekwa, akaambiwa hiyo si kazi yake. Mara mbili aliandika barua ya kuacha kazi, na mara mbili akaichana, kwa sababu nyumba ilikuwa ya polisi na watoto walikuwa shuleni. Hatusemi hivyo kumtetea. Bombani wanawake walibeba ndoo zao wakaondoka Jerusa alipofika, na watoto walimwuliza Beldina, “Baba yako anaandika majina lini tena?”

Naftaly alifia katika kambi ya kizuizini Novemba 1955. Mkewe, Priscillah Wahu, alirudi hapa Kedowa Aprili mwaka huu, na Alfayo alikwenda mlangoni kwake mara tatu, akabisha, hakufunguliwa, akarudi.

Tumbo lilimsumbua tangu mwaka 1954, akaanza kutapika damu, akalazwa hospitali ya Kericho tarehe 20 Mei, akafariki Alhamisi tarehe 13 Juni 1957, saa kumi jioni. Wazee wa Nyakach walitaka arudishwe, kwa kuwa mtu wetu hazikwi ugenini, lakini alikataa, akasema aliowaita aliwaita hapa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi. Desturi ni kwamba kaburi huchimbwa na majirani, lakini jana hakuna jirani aliyekuja na jembe, kwa hivyo tunawashukuru askari wenzake, waliochimba wakiwa na sare. Majirani, tunawashukuru kwa miaka saba mliyomwita ndugu.

Mama Wahu, umesimama pale nje tangu asubuhi, na hatujui ulilokuja nalo. Aliagiza mkono wa kwanza wa udongo uwe wako, na ukikataa, asiombwe mwingine, tumfunike sisi wa nyumba yake tu. Jerusa anakuja kwako sasa na sahani yenye udongo, na sisi tutangoja.

Pumzika, kaka yangu. Amani yenyewe sisi hatuna ya kukupa, ndiyo hiyo Jerusa amekwenda kukuombea.