Njiwa Mzima Hatolewi

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Bwana Sheha, wazee wetu wa safu ya mbele, shikamooni, Bi Mwatum, mama yetu, pamoja na wote uliokuja nao, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wenzangu wafugaji, ambao hata siku ya kanzu iliyopigwa pasi hamkosi unyoya mmoja begani: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa wasionijua, mimi ni Tahir Msabah, seremala wa milango pale Mkunazini. Ni mwaka wa tisa huu nikiwa mwenyekiti wa jumuiya ya wafuga njiwa wa Mji Mkongwe, cheo nilichopewa kwa sababu siku ya uchaguzi sikuhudhuria. Leo tumekutana katika ukumbi huu wa skuli kufungua msimu wa mashindano. Njiwa thamanini wako Uroa ndani ya matenga, wanasubiri kuachiwa, na wageni wetu mmeahidiwa kuwaona wakitua mjini kabla ya adhuhuri. Mtawaona, inshaAllah. Kwanza kuna hotuba, na hotuba yenyewe hii hapa, kurasa mbili, kaichapa vizuri katibu wetu Bwana Mahfoudh na kamati ikaipitisha.

Ukurasa wa kwanza, mstari wa sita, umeandikwa hivi: "Mwaka huu jumuiya imempoteza Ndugu Ayoub Mkubwa, aliyefariki ghafla."

Karatasi hii naiweka mezani. Sitoisoma.

Mahfoudh, usinikonyeze, jicho litakuuma.

Ndugu zangu, Ayoub hakufariki ghafla. Ghafla ni gari, ghafla ni mtu kuanguka sokoni na kikapu chake mkononi. Ayoub aliondoka taratibu, wiki nzima, mbele ya macho yetu, na kila siku ya wiki ile mmoja wetu alikuwa anamwambia shukran. Ayoub alijiua. Nimelisema mara moja na linatosha. Vipi na wapi sitosema, maana halimfai mtu kulijua.

Nasikia viti vinasogea huko nyuma. Anayetaka kutoka mlango uko wazi, lakini namuomba akae, kwa sababu ninalotaka kulisema bado sijalisema.

Suhail, kaka yake marehemu, nakuona umesimama. Ulikuja kwangu Jumanne ya wiki hii ukanambia, "Tahir, sema maradhi. Yatosha haya tuliyoyapata." Nikakuahidi. Leo nimeivunja ahadi yako mbele za watu, na nikishuka hapa utanambia unalotaka, nitalipokea. Lakini baada yako aliniita mwengine, na kauli yake imeizidi yako na yangu. Nitafika kwake.

Ayoub alikuwa nani? Fundi wa viyoyozi. Kazi yake ilikuwa mahoteli ya Uroa, kwa hivyo tulimtwika na yetu: kila mashindano, miaka kumi na mbili, yeye ndiye aliyewapeleka njiwa shamba na kuwaachia. Alikuwa akiyafunga matenga nyuma ya gari la kazi, akifika kule anawapa maji kwanza, kila njiwa, hata wa wale wasiomwamkia. Kisha anatuma sauti kwenye kundi letu la simu: "Nshawaachia. Angalieni juu." Sote mapaani, shingo zimetuuma, tunaangalia juu. Nani kati yetu aliwahi kumuuliza yeye anarudi vipi mjini, amekula, hajala, yuko na nani? Mimi sikuuliza. Kombe walikuwa wakipewa wenye paa, na aliyewaachia tulimpigia makofi, basi.

Wala sitaki kumfanya malaika. Ayoub alikuwa mkaidi, mdomo wake ukiwaka hauzimiki, na aliwahi kuninunia miezi miwili kwa sababu nilimwambia banda lake limepinda. Lilikuwa limepinda kweli. Lakini njiwa wake! Hakuna mfugaji humu asiyeujua uzao wa Ayoub, na hakuna ambaye hakuwahi kuutamani.

Hapa nataka wageni wasiofuga wanifahamu vizuri, kwa sababu ndipo penye kosa letu. Njiwa akikulia paa moja, paa lile ndilo kwao mpaka afe. Mpeleke Uroa, mpeleke Nungwi, ukimwachia atarudi pale pale. Ndiyo maana mfugaji akitaka kumpa mwenziwe zawadi humpa makinda, ambayo bado hayajajua kwao ni wapi. Njiwa mzima hatolewi. Haijaandikwa katika katiba yetu, lakini mtoto wa mfugaji anaijua kabla hajaanza darasa la kwanza. Ukimpa mtu njiwa mzima umempa kazi: lazima amfunge mbawa kwa uzi siku arubaini, amlishe, ambembeleze, na juu ya hayo siku anayomfungua huenda ukamkuta yuko kwako anadai mtama. Mfugaji mwenye akili zake atamtoa njiwa mzima kwa sababu moja tu: kwamba pale juu ya paa hatokuwepo tena wa kurudiwa.

Sisi tunaijua kanuni hiyo. Na wiki ile Ayoub alitoa jozi saba za njiwa wazima, kwa watu saba, wote wako humu ndani.

Mimi ni mmoja wao. Ile jozi yake ya kijivu nilikuwa nikimuomba miaka minne. Kila mwaka jibu moja: "Subiri makinda, Tahir. Hawa wana kwao." Siku alipokuja kiwandani kwangu na kuniwekea tenga juu ya benchi, bila ya kuombwa, nilifanya nini mimi mwenyekiti wenu, mtu mzima mwenye mvi? Nilikwenda kutafuta uzi.

Nilimuuliza, ndiyo, juujuu tu. Akanambia daktari amemkataza vumbi la manyoya. Mwenzangu mmoja akaambiwa paa linavuja. Mwengine akaambiwa, "Nnahamia Uroa moja kwa moja." Saba sisi, tulipewa sababu saba, na tulikuwa tunakaa baraza moja, tunakunywa kahawa moja! Tungezikusanya zile sababu siku moja tu zingetushitua. Hatukuzikusanya. Kila mmoja aliiamini yake kwa sababu ilikuja na njiwa. Kwenye kundi mtu akaandika, "Ayoub kafungua hazina!" na sisi tukatuma vidole gumba.

Jumapili ya wiki ile, baada ya Alasiri, nilipita chini ya nyumba yao Kiponda. Nikaita, "Ayoub!" Akaitika kutoka juu, "Naam!" Nikamwambia, "Wale njiwa wanakula vizuri, shukran sana!" Kisha akasema, "Hupandi, Tahir?"

Miaka yote tuliyojuana, Ayoub hakuwahi kunambia nipande. Nilikuwa nikipanda bila ya kuambiwa, na mara nyingi akinifukuza. Siku ile aliniuliza. Na mimi nikamjibu, "Magoti haya, ndugu yangu, na ngazi zenu hizi. Siku nyengine, inshaAllah."

Akasema, "Haya."

Jumanne tukaletewa khabari.

Sisemi kwamba ningepanda asingekufa. Daktari mmoja wa hospitali niliyezungumza naye amenikataza kusema hivyo, na mimi mwenyewe sijui. Mtu hafiki pale kwa jambo moja, na ndani ya Ayoub palikuwa na maradhi ambayo sisi hatukuyaona na yeye hakuyasema. Nasema tu kwamba niliitwa, nikataja magoti.

Na baada ya hapo tulifanya nini? Tulikwenda barazani. Nilimsikia mtu mmoja, simtaji, akisema, "Jina lake Ayoub, na subira iko wapi?" Na watu walicheka. Mwengine akasema huyo haombewi dua. Katika kamati likaja pendekezo kwamba jina lake lisitajwe leo, tusiitie jumuiya aibu. Aibu! Tumekula zawadi zake saba, halafu yeye ndiye aibu? Mimi si sheikh, kwa hivyo nilimwendea imamu wa msikiti wetu nikamuuliza. Alinitazama kama mtu anayetazama mlango uliopasuka, akanambia, "Kosa lile kubwa, Tahir, na hakuna wa kulipunguza. Lakini yeye ni ndugu yenu Muislamu. Kazi yenu nyinyi ni kumuombea. Hukumu ina Mwenyewe." Basi nani kati yetu ameomba kazi ya Mwenyewe?

Sasa namfikia yule niliyesema kauli yake imezidi. Juzi Jumatano Bi Mwatum, mama yake Ayoub, aliniita. Nilimkuta amekaa juu ya paa, juu kabisa, yeye na miaka yake sabini na nne, kapanda ngazi ambazo mimi zilinishinda. Mabanda matupu. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, nyinyi ni mafundi wa njiwa. Mwanangu kakugawieni njiwa wazima. Mbona hamkuuliza?"

Nikamwambia tumekosa, mama, utusamehe. Akanambia, "Basi kasemeni. Msimfiche mwanangu kama kwamba kaiba. Na wale njiwa wafungueni, waje kwao."

Suhail, hiyo ndiyo kauli iliyonivunjisha ahadi yako. Naona umekaa. Ahsante, ndugu yangu.

Jana sote saba tumezikata nyuzi. Hatukupangana saa, lakini mpaka jua linakuwa kali njiwa kumi na nne walikuwa Kiponda, juu ya banda lililopinda. Mtama tumeupeleka sisi. Na kuanzia jana kila siku mmoja wetu atapanda zile ngazi, mwenye magoti na asiye na magoti, awalishe na amjulie hali mama.

Mheshimiwa Diwani, nakaribia kumaliza. Imebaki moja, na hii ndiyo iliyokuwa ikinisuta hata kabla ya Bi Mwatum kuniita.

Wiki mbili zilizopita, mchana, alikuja kiwandani kwangu mwanachama wetu mmoja. Ameniruhusu nilisimulie hili, jina lake hakuniruhusu, kwa hivyo msigeuze shingo kumtafuta. Mkononi ana tenga limefunikwa kanga. Akaniwekea juu ya benchi, pale pale. "Chukua, Mwenyekiti. Mie nshachoka nao." Nikafunua. Jozi nzima, wazima, walio bora kuliko wote alionao.

Nilikamata tenga kwa mkono mmoja na yeye kwa mkono wa pili, nikamwambia, "Twende kwako." Akasema haina haja. Nikamwambia, "Twende." Tukapanda mpaka juu, ghorofa nne, nikakaa juu ya debe, pumzi imeniisha, nikamuuliza bila ya kuzunguka, "Unataka kujiua?" Niliogopa kuliuliza neno lile kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Nilidhani nitamtia fikra. Daktari baadaye akanambia fikra haitiwi kwa kuulizwa, ila mtu hupata pa kuitua.

Akaikunja ile kanga iliyofunika tenga, pembe kwa pembe. Kisha akanambia, "Umejuaje?"

Nikamwambia, "Njiwa mzima hatolewi."

Mtu mzima yule alilia, na mimi nikalia naye. Sikumwacha. Mkewe akaja, tukamwambia, na asubuhi tukaenda hospitali sote watatu. Hajapona. Anakwenda kwa daktari kila wiki, kuna siku nzuri na siku mbaya, na siku mbaya hunipigia simu nikaenda. Tenga lile alining'ang'aniza nilichukue. Nimelichukua, lakini uzi sikutafuta.

Kwa hivyo, wenzangu, sikuleteeni azimio la kupigiwa kura. Nakuombeni neno moja la ahadi. Atakayeletewa njiwa mzima asiseme shukran. Aweke tenga chini, apande mpaka juu, akae, aulize, na asishuke mpaka ajibiwe. Na wewe uliyekaa humu, ambaye umeshaanza kuhesabu moyoni nani apewe jozi gani, usimpe mtu. Niite. Nyumba yoyote, ghorofa yoyote. Niite nitapanda.

Leo asubuhi, kabla sijavaa kanzu hii, nilikwenda paani kwangu nikawafungulia wale njiwa wawili wa tenga lile. Walizunguka mara moja, wakakata kuelekea kwao. Nikangoja kidogo, nikampigia simu mwenyewe. Nikamwita kwa jina lake. Akaitika, "Naam." Nikamuuliza, "Wamefika?"

Akanambia, "Wamefika, Tahir. Nipo nao hapa juu, nnawapa mtama."

Mheshimiwa, Bi Mwatum, Suhail, wageni wetu na wenzangu wote: ahsanteni kwa kukaa mkanisikiliza hata nilipokuudhini. Mahfoudh, piga simu Uroa, waambie wapewe maji kwanza, kila njiwa. Kisha wawaachie.