Mwamba Atoke Majini

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu ya Mkuyuni. Ndugu Chenge, mwenyekiti wa mtaa. Ustaadhi Bilali uliyetufungulia kwa dua. Mama Rose wa kigango, utakayetufungia kwa sala. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi ambao hamkualikwa ila harufu ya pilau ndiyo iliyowapa kadi: nawasalimu wote. Shikamoo ningeitoa, lakini nimezungusha macho pande zote sioni wa kumpa. Mkubwa wenu hapa ni mimi. Basi pokeeni marahaba yangu kabla hamjaniamkia, tusipoteze muda.

Mimi ni Machibya, mpagazi mstaafu wa stesheni ya Mwanza. Kwa wasionijua, na sijui mlikuwa mnaishi wapi, mimi ndiye niliyeshusha kinanda cha kanisa kwenye behewa peke yangu, na mwalimu wa kwaya akiwa amekaa juu yake kwa sababu alikataa kushuka. Wapagazi wa siku hizi kinanda kile wangekiitia watu sita na winchi. Lakini hayo si ya leo.

Walionitangulia wamesoma hotuba zao kwenye karatasi. Mimi karatasi sina. Kisomo cha watu wazima nilikwenda, nikajifunza herufi za jina langu, nikaona zinatosha. Zilizobaki ni za majina ya watu wengine. Picha, hizo nasoma. Kwa picha simwogopi mwalimu yeyote.

Wote mmesimama hapa kumuaga Bi Sihaba, muuza magazeti wetu, ambaye kesho anapanda meli kwenda Nansio kukaa na binti yake Hadiya. Mmemshukuru, mmempa kanga, mmempa jiko. Vizuri. Mimi sikuja kumuaga. Nimekuja kudai. Kwa sababu Bi Sihaba amemwacha mtu majini, ndugu zangu. Kesho kutwa yeye atakuwa kisiwani anamenya machungwa, na mtu wetu huku anameza maji. Mtu huyo anaitwa Mwamba, na leo sishuki kwenye jukwaa hili mpaka nijue anatokaje.

Naona vijana mnatazamana. Mwamba gani? Hamumjui, na si kosa lenu. Mmezaliwa wakati mbaya.

Mwamba alikuwa shujaa wa katuni, katika gazeti la picha lililotoka Dar es Salaam, likitufikia kila Alhamisi kwa treni. Mchana alikuwa karani wa kupima pamba, mpole, mwenye miwani, hata mbuzi walimdharau. Lakini akisikia mnyonge ameonewa, anaingia nyuma ya mizani, anavuta pumzi, anatamka neno moja: "Rarua!" Shati linapasuka, kifua kinageuka jiwe, mikuki inavunjikia hapo kama njiti za kiberiti. Na sisi wa benchi la Bi Sihaba, wengi wetu Wasukuma, tulikuwa tunaitikia kwa pamoja: "Lalua!" Huyu Yassin wa duka la vitambaa, yule pale anayejificha nyuma ya soda, alikuwa anashika kichwa. "Jamani, mnamwita apigane au mnamwambia alale?" Nami nikamuuliza: "Shati limepasuka au halikupasuka?" Akasema limepasuka. "Basi ametusikia."

Gazeti lenyewe karatasi yake ilikuwa mbaya, ya kufungia karanga. Rangi mbili tu, nyeusi na nyekundu, na nyekundu haikujua mahali pake: utakuta mdomo wa mtu umechapwa kwenye shavu la jirani yake. Wino uliganda vidoleni. Mimi nilikuwa sioshi mikono haraka siku ya Alhamisi, na leo hii nikipita karibu na mahali panapochapwa kadi za harusi nasimama, najifanya nafunga kamba ya kiatu, nanusa. Viatu vyangu havina kamba. Nani kati yenu hajawahi kutamani kitu kibovu kwa sababu tu kilikuwa chake?

Furushi la magazeti yale nililibeba mimi. Nasisitiza hapo, kwa sababu mbele litatusaidia. Treni ikifika, wenzangu wanakimbilia mizigo ya matajiri. Mimi nakimbilia furushi la Bi Sihaba. Nalibeba begani kutoka stesheni mpaka hapa Mkuyuni, kwa miguu, na mkokoteni nilikuwa naukataa, maana huwezi kumleta Mwamba kwa mkokoteni kama gunia la mihogo. Kamba inakatwa, tunakaa kwenye benchi: mimi, Yassin, Ndalahwa fundi baiskeli, Antoni wa ushuru. Bi Sihaba anasoma kwa sauti. Siyo kusoma kwa shuleni, kwa kuimba. Mwamba alimsomea kifuani. Adui yake, Profesa Tindikali, alimsomea puani, mpaka unahisi mafua yanakujia.

Marehemu mke wangu, Suzana, alikuja siku moja kunifuata nirudi nyumbani. Akasimama kusikiliza, akakaa, akasahau chakula jikoni. Kisha akauliza: "Bi Sihaba, samahani. Huyu mtu kila wiki anapasua shati. Nani anamshonea?" Hatukuwahi kuliwaza hilo. Bi Sihaba akaangalia ukurasa, akasema: "Imeandikwa hapa, Mama. Hana mke. Angekuwa naye, angefungua vifungo kwanza." Suzana alicheka mpaka kanga ikafunguka. Tulikula ugali uliokuwa umeungua, na alicheka tena.

Sasa nakuja kwenye maji.

Profesa Tindikali alitengeneza pampu ya kulinyonya ziwa letu lote, alipakie kwenye matangi, akaliuze mbali. Tulimcheka sana. Tukasema, mwandishi safari hii ameishiwa, nani anaweza kuliuza ziwa? Mheshimiwa Diwani, sitaki kuharibu sherehe, lakini siku hizi nikitazama minofu ya sangara inavyopanda ndege, na sisi wenye ziwa tunapanga foleni kununua mapanki, mifupa na vichwa, huwa nasema moyoni: Profesa alipata leseni.

Basi Mwamba akaingia ziwani kuivunja pampu. Akafungwa minyororo chini kule. Picha ya mwisho: maji, maji, maji, na mkono mmoja umechomoza juu, vidole vimetanuka hivi. Chini yake neno lile ambalo hata mimi nilikuwa nalitambua kwa umbo: ITAENDELEA.

Haikuendelea. Vita vikaja, kisha karatasi ikaadimika kama sabuni. Alhamisi iliyofuata nilisimama stesheni mpaka behewa la mwisho likafagiliwa. Furushi hakuna. Alhamisi nyingine, hakuna. Na katika miezi hiyo hiyo, ndugu zangu, Suzana akafariki, akaniacha. Nikawa mtu wa kurudi kwenye nyumba iliyofungwa.

Alhamisi moja nikajipitia tu hapa, sina hata nia ya kukaa. Namkuta Bi Sihaba ameshika gazeti, amelivalisha koti la karatasi ya kaki, kama daftari la shule. Akaniita kwa jina la utani la sisi wanaume wa Kisukuma: "We Ngosha, unapita kama mgeni? Kaa. Mwamba ameshika mnyororo wa kwanza." Nikakaa. Akasoma. Mwamba kule chini akauma mnyororo kwa meno, akakutana na kambare mzee mwenye ndevu aliyemwonyesha njia. Yassin akaja, akakaa. Ndalahwa akaja na mikono ya grisi. Antoni akatoka ofisini kabla ya saa. Tukapiga kelele: "Lalua!"

Sasa niwaulize, ninyi wenye vyeti. Kama furushi la magazeti lilikuwa linabebwa na bega hili, na bega hili halikubeba kitu, gazeti jipya lilitoka wapi?

Halikutoka popote. Nilijua siku ile ile. Lilikuwa ni lile la mwisho, na upepo ulipofunua kurasa niliuona mkono ule ule, vidole vile vile. Bi Sihaba hakuwa anasoma, alikuwa anatunga. Nami sikusema. Mtu akikupakulia chakula siku yenye njaa, unamuuliza unga ameununua duka gani?

Kwa miaka yote hiyo nilijiona mjanja peke yangu. Nikasema, maskini Yassin, maskini Antoni, wanajua kusoma lakini wamedanganyika. Mpaka wiki hii tunapanga sherehe, Antoni ananivuta pembeni. "Mzee Machibya, nina siri, usije ukaumia. Lile gazeti..." Nikamwambia nyamaza, najua. Yassin akasikia. "Na ninyi mlikuwa mnajua?" Ndalahwa akatukana kidogo, tukacheka mpaka tukakaa chini. Kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake. Bi Sihaba, usishike ushungi kuficha uso. Hukumdanganya mtu. Ulisema uongo mbele ya watu wanne, na wote wanne walikuwa wanakuombea usiishiwe.

Na hukuishiwa. Mheshimiwa, kule chini ya ziwa mama huyu alijenga nchi. Kulikuwa na stesheni ya samaki yenye mpagazi hodari kuliko wote, na sitaji jina lake. Kulikuwa na duka ambalo sukari haikukosekana, na hiyo ilikuwa miaka ambayo sisi huku juu tulikunywa chai kwa pipi. Mwamba akila, sisi tulimeza mate. Mwamba hakuua mtu hata mmoja. Alimkamata adui, akamkalisha kwenye mizani yake ya pamba, akamwonyesha alivyo mwepesi.

Leo mambo yamefunguliwa. Nani anabisha? Sabuni ipo ya kila harufu, mitumba ipo, vyama vipo vingi mpaka watu wanachanganya kura na kula. Meza za magazeti zimejaa rangi zinazong'aa, na kila nyekundu iko mahali pake. Hapo jirani Masalu ana banda la video. Niliingia siku moja, nikasema labda nitamkuta Mwamba ameajiriwa upya. Nikamkuta mtu ana kifua kama kabati, ana bunduki mbili, anabusu mwanzo, anaua katikati, anabusu mwisho. Nikamuuliza Masalu: "Huyu ndiye shujaa?" Akasema: "Ndiye mwenyewe, Mzee, hashindwi." Nikamwambia, mpe na mimi bunduki mbili uone kama nitashindwa. Shujaa wa bunduki ni bunduki. Na ndani ya banda lile hakuna aliyeitikia. Watu wamejaa, giza, kila mtu anatazama peke yake, wanatoka hawajasalimiana. Ninachokitamani, ndugu zangu, si karatasi ile ya karanga. Ni kuitikia.

Sasa sikilizeni dai langu. Zamani nilimuuliza Bi Sihaba: "Mwamba atatoka lini majini?" Akanijibu: "Una haraka ya kwenda wapi?" Nikaacha. Macho yake yakaanza kuzibika na mtoto wa jicho, ikafika mahali gazeti lile analishika kichwa chini, mkono wa Mwamba unachomoza kuelekea ardhini, naye anasoma tu, hakosei hata neno. Alhamisi iliyopita nikamuuliza tena, kwa sababu nilishaona masanduku yamefungwa. Akasema, na naomba radhi, Bi Sihaba, naitoa hadharani: "Machibya, akitoka, ninyi mtakuja tena kufanya nini?"

Niliinuka nikaenda nyumbani bila kubisha. Mimi! Kumbe hakumwacha majini kwa kukosa ufundi. Alimshikilia pale ili sisi tusiende.

Jibu ninalo leo. Mnajua nimekaa kando ya ziwa hili maisha yangu yote na sijawahi kupanda meli. Msinitafsirie kuwa ni woga. Mtu aliyezoea kubeba hapendi kubebwa, basi. Lakini Bi Sihaba, akitoka, tutakuja Nansio. Nimekwishazungumza na Yassin, na Antoni, na Ndalahwa anakuja na spana zake hata kama kule hakuna baiskeli. Nitapanda meli hiyo nimefumba macho, nimeshika nguzo, na atakayenicheka nitamjua. Tutakuja hata kama huna hadithi. Hata kama umekaa tu barazani kwa Hadiya unapepeta mchele na huna la kusema, tutakaa. Hatukuwahi kumfuata Mwamba peke yake, mama. Mpe ruhusa atoke.

Mheshimiwa Diwani, najua ratiba inasema sasa ni zamu yako. Utanisamehe, Mheshimiwa; ulichaguliwa juzi, na huyu yuko majini tangu vita. Masalu, zima jenereta lako. Precious, wewe binti uliye karibu naye, mpe Bi Sihaba mkono apande jukwaani, na gazeti liache mezani, halihitaji. Wanangu ambao hamkuwahi kukaa benchi lile, likitoka lile neno msikae kama mmepigwa picha. Itikieni, na anayejua kusema re aseme re, anayejua le aseme le.

Asanteni kwa kuniazima masikio. Nampisha mwenye hadithi. Bi Sihaba, maji yamefika wapi?