Mafuta Niliyopaka Kwenye Pneu za Mjukuu Wangu

Wapendwa, amani ikae na ninyi. Mimi sikusoma sana, nimezoea kukaa kule nyuma na wamama wenzangu, na leo mchungaji amenipa nafasi hapa mbele kabla hajajua yote nitakayosema. Basi asinishangae. Majina ya watu wote waliokuwemo ndani ya jambo hili ninayo kichwani, pamoja na ya wazazi wao, lakini sitataja hata moja. Aibu ni yangu.

Mnanijua, nauza sombe, yale majani ya muhogo, pale sokoni Kabondo. Na mnamjua mjukuu wangu anayebeba abiria kwa pikipiki, niliyemlea tangu mama yake alipofariki, ananiita Koko, yaani bibi. Mwaka jana vijana walipanga mashindano kwenye uwanja wa saruji wa ghala la zamani la kahawa. Wanazunguka, wanakata kona, atakayetangulia anapata pikipiki mpya. Huyu wangu alikuwa anaendesha pikipiki ya mwenye mali, kila jioni anampelekea fungu lake. Ile mpya ingekuwa yake mwenyewe. Hilo ndilo alilotafuta, si sifa.

Pesa ilikuwa kidogo. Akaniomba nimsindikize kununua pneu, ile mipira ya magurudumu, maana mimi nikibishana na muuzaji, muuzaji anachoka. Tukaenda kwa mzee mmoja jirani yetu, sote tunamwita papa, mtu wa Maniema, Mwislamu, anayeuza pneu zilizotumika na kuziba zilizotoboka. Macho ya kijana yakaenda kwanza kwenye jante, zile chuma za duara zinazovalishwa pneu. Alitaka za alumini, zinang'aa kama sufuria mpya.

"Papa, hizi bei gani?"

"Hizo ni za kuonyesha wasichana. Unaenda kushindana ao kuoa?"

"Vyote viwili, Mungu akisaidia."

"Basi oa na jante zako za zamani. Pesa weka kwenye pneu. Jante haishike chini, pneu njo inashika."

Akayazungusha magurudumu yetu ya zamani hewani kuona kama yanayumba, akakaza waya zilizolegea. Kijana akaokota pneu moja yenye meno marefu. Papa akaikunja, nyufa ndogo zikatokea ubavuni. Akasema hii imezeekea ghalani, meno iko nayo lakini mpira umekauka, kwenye saruji itateleza. Akatoa nyingine mbili, meno yamelika kidogo. "Mama, bonyeza na ukucha." Nikabonyeza, ukucha ukazama kidogo. "Ulaini huo ndio unaoshika." Mimi nikaanza bei. Akashuka, akashuka tena, hadi akasema, "Bon, mama, nitie na mimi ndani ya kitunga chako, tumalize." Tukacheka wote.

Tukiwa tunaondoka akatuonya: "Musipake kitu juu yake. Hata ile dawa ya kung'arisha. Ziache hivi hivi."

Nilisikia kwa masikio yangu haya. Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu: moyoni nilimcheka. Nilisema, huyu anajua mpira, mambo ya Mungu atayajulia wapi.

Asubuhi ya mashindano, kijana alikuwa ameazima mkokoteni wa kubebea pikipiki mpaka uwanjani, pneu zisilike njiani, kama sisi zamani tulivyobeba viatu mkononi mpaka mlango wa kanisa. Pikipiki ilikuwa uani, imeinuliwa juu ya matofali. Yeye akaenda kuoga. Mimi nikachukua chupa yangu ya mafuta yaliyoombewa hapa hapa. Nikaweka tone moja kwenye usukani. Lingetosha. Lakini nikafikiri, hatari iko chini, si juu. Nikaipaka pneu ya mbele, nalizungusha gurudumu huku naomba. Nikaipaka ya nyuma. Nikamimina mpaka chupa ikaisha, nikasema amina. Aliporudi akaziona zinang'aa, akadhani nimezifuta kwa maji, akanishukuru.

Alianguka kwenye kona ya kwanza. Wenzake walilala na pikipiki zao wakainuka, yeye akalala moja kwa moja. Gurudumu la mbele lilimkimbia kama sabuni ya bafuni, pikipiki ikamwangukia mguuni, mfupa ukavunjika.

Kabla hatujafika hospitali, maneno yalikwishaanza: yule papa ameuza pneu zilizokufa. Kijana mwenyewe kitandani akaniambia, "Koko, yule papa ameniua." Nikamfunika shuka. Nikanyamaza.

Wateja wakamkimbia yule papa. Wengine wenu humu ndani, pale kwenye bomba la maji, mliongeza na la dini yake. Niliwasikia. Nikajaza bidoni yangu nikaenda. Nikaanza kupita njia ya nyuma nisipite mbele ya kibanda chake. Siku moja mke wake alikuja kununua sombe, nikamwongezea fungu bure. Akaniambia, "Mama, una moyo mwema." Fungu lile hata leo linaniuma. Meza ya Bwana nikaacha kuikaribia, ninyi mkadhani magoti yananiuma, mkanipa pole.

Donc, vijana wakaenda kwa mkubwa wa mtaa, wakakubaliana papa alipe hospitali. Pesa hakuwa nayo. Wakaleta mashine yake ya kujaza upepo, mkate wake wote uko mle, wakaishusha mbele ya mlango wangu. Yeye alikuja nyuma yao kwa miguu.

"Mama," akasema, "mimi najua nilichouza. Lakini mutoto iko analala na mguu. Siwezi kubishana na mguu. Chukueni."

Kisha akainama, akaukunja vizuri mpira wa mashine, usije ukapasuka mikononi mwa atakayeichukua.

Hapo ndipo nilishindwa. Nikasema, "Rudisheni. Ni mimi."

Kijana mmoja akacheka. "Koko amechoka, mumupe kiti."

"Sikuchoka. Nilipaka mafuta. Pneu zote mbili."

Mjukuu wangu akaita kutoka ndani. "Koko, mafuta gani?"

"Ya kanisa."

"Kwenye pneu?"

"Kwenye pneu."

"Na ulikuwepo papa alipotukataza."

"Nilikuwepo."

Nikasikia kitanda kinalia. Alikuwa amegeukia ukuta.

Yule papa akakaa juu ya mashine yake. Nilingoja matusi, nilikuwa nayastahili. Hakuniuliza kwa nini nilipaka. Aliniuliza, "Mama, kwa nini uliniacha?"

Mashine ilirudi siku ile ile. Mkubwa wa mtaa alinisindikiza kwenye kituo cha pikipiki, nikarudia maneno yale mbele ya vijana, wengine wakaniangalia kama mchawi. Nawashukuru wamama wa likelemba yetu, ule mchango wa kupokezana, walionipa zamu yao ili hospitali ilipwe, wakijua kosa ni la nani. Namshukuru yule papa, amekuja kumwona mgonjwa zaidi ya mara moja, wanabishana juu ya jante mpaka nawasikia jikoni. Kijana anatembea sasa kwa fimbo. Chakula changu anakula. Zamani hakutoka asubuhi kabla sijamwekea mkono kichwani. Siku hizi anapita tu, na mimi simwiti.

Mchungaji, usiumie. Mafuta hayakukosa kitu, yalifanya kazi ya mafuta. Aliyekosa ni mimi, niliyefikiri Mungu hawezi kunionya kwa kinywa cha mtu anayeswali pengine. Kama ningemsikiliza, mguu ungekuwa mzima. Kama ningesema mapema, mtu asingebeba mzigo wangu mbele ya watoto wake.

Kituoni nimekwishasema. Hapa ndipo nilikuwa bado kusema, na neno lile la pneu zilizokufa limelala humu pia, najua, kwa sababu bado mnakwenda hadi mtaa wa pili kutafuta upepo wa baiskeli zenu. Kesho asubuhi papa anafungua kibanda. Mwenye pneu iliyotoboka asimpite. Na akiuliza ni nani amekutuma, mwambie ni yule mama aliyenyamaza.