Tembo Wanne, Mimba Moja

NASEEM: Haloo? Ni nani?

SHAKIR: Dada—

NASEEM: Haloo! Sema kwa sauti, hapa Tonk mtandao unakuja na kukimbia kama bibi harusi mwenye haya!

SHAKIR: Ni mimi Shakir! Mdogo wako! Salaam aleikum.

NASEEM: Waaleikum salaam. Namba ya nani hii?

SHAKIR: Ya muuza miwa. Yangu haina salio. Mwanao Gulnaz kajifungua?

NASEEM: Bado. Analia, anakula, analia tena. Mama mkwe wake ananikodolea macho kama mimi ndiye niliyemfungia mtoto mlango. Huko Jaipur kwema?

SHAKIR: Kwema. Si kwema. Dada, Chameli ana mimba.

NASEEM: Chameli yupi? Yule binti wa fundi cherehani? Si nilisema! Nilisema yule na baiskeli yake kila jioni—

SHAKIR: Si binti wa mtu! Chameli wetu. Tembo!

NASEEM: [kimya]

SHAKIR: Dada? Upo?

NASEEM: Nipo. Nahesabu miaka. Chameli aliendeshwa na marehemu baba kabla mimi sijazaliwa, na mimi leo nangoja mjukuu.

SHAKIR: Ndiyo.

NASEEM: Hana meno. Chapati zake nalowesha kwenye maji mimi mwenyewe.

SHAKIR: Ndiyo, lakini—

NASEEM: Ni kipofu, Shakir! Huyo dume alimwonea wapi?

SHAKIR: Subiri basi! Na Bijli ana mimba. Na Rajkumari. Na Laila.

NASEEM: Wote wanne?

SHAKIR: Wote wanne. Siku moja.

NASEEM: [anacheka] Toba! Subhanallah! Kijiji kizima cha tembo majike, hakuna dume hata wa dawa—

SHAKIR: Usicheke! Daktari kaleta majibu ya damu. Wewe unajua damu ilikuwa ya nani.

NASEEM: [anaacha kucheka] Aaah.

SHAKIR: Aaah! Ndiyo hiyo. Umekumbuka sasa?

NASEEM: Siku ya ukaguzi wa leseni.

SHAKIR: Siku ya ukaguzi! Tajiri Banwari akasema Chameli akionekana macho yake, kazi imekwisha. Bijli akionyesha ule mguu wenye usaha, imekwisha. Rajkumari na kidonda chake cha mgongoni, imekwisha. Basi tumpeleke tembo mzima mmoja mara nne, na rangi tofauti—

NASEEM: Nilimchora tausi. Wale tausi walitoka vizuri.

SHAKIR: Asubuhi tausi, huyu ni Chameli, wakamtoa damu. Tukamwosha. Mawaridi, huyu ni Bijli, wakamtoa tena. Tukamwosha. Samaki, Rajkumari. Ile mara ya nne alipokwenda kwa jina lake mwenyewe alikuwa hoi, yule daktari mzee akasema huyu wa mwisho ndiye mdhaifu kuliko wenzake!

NASEEM: Maskini Laila. Na ile mashine ya kusoma namba sikioni—

SHAKIR: Ilikuwa mbovu, tukaambiwa tutaje majina tu kwa mdomo. Sasa yule mzee kastaafu. Amekuja daktari mpya, msichana, anaitwa Vaidehi. Kaja na pipi! Kasimama katikati ya uwanja, kasema hongereni, hospitali nzima haijawahi kuona jambo kama hili.

NASEEM: Ni kweli, haijawahi.

SHAKIR: Banwari kakaa chini. Juu ya kinyesi, dada, hakuangalia.

NASEEM: [anacheka] Kwa ile suruali nyeupe?

SHAKIR: Kwa ile nyeupe! Daktari anamuuliza, baba wa hawa ni nani? Banwari anaonyesha kidole huku, anaonyesha huku. Mwisho akasema labda yule dume wa hekaluni. Kuhani kusikia, kaja mbio bila viatu. Anasema dume wake ni mcha Mungu, tangu masika hajatoka getini!

NASEEM: Maskini mnyama, kusingiziwa mimba nne.

SHAKIR: Lakini Laila ni kweli! Ile harusi ya mjini Kota, ule msafara wa bwana harusi, si kulikuwa na dume wa kukodi? Walifungwa pamoja siku tatu. Sasa nakuuliza, dada.

NASEEM: Niulize.

SHAKIR: Banwari alitaka tumpeleke Moti, yule jike wetu mwingine, kwenye ukaguzi. Moti ndiye mwenye nguvu. Nani aliyesema aende Laila?

NASEEM: Ngozi ya Moti haishiki rangi.

SHAKIR: Kwenye sikukuu ya Diwali ilishika.

NASEEM: [mkwaruzo] Haloo?

SHAKIR: Ilishika wiki nzima, dada. Na wewe ndiye unayemkanda Laila tumbo kila—

NASEEM: Mtandao huu... sikusikii vizuri... haloo...

SHAKIR: Unanisikia sana tu!

NASEEM: Daktari kasemaje juu yao?

SHAKIR: [anashusha pumzi] Hakuna kubeba mtu. Kiti cha mgongoni hakuna, kupandisha watalii ngomeni hakuna, mpaka wazae na wanyonyeshe. Bijli mguu uoshwe kwa dawa kila siku. Rajkumari mgongo usiguswe hata na shuka. Halafu akamfikia Chameli, akamshika uso, akamulika tochi machoni. Kwenye ukaguzi yule mzee alisema macho yake ni mazuri kama ya msichana!

NASEEM: Akasemaje?

SHAKIR: Akaniangalia muda mrefu. Akamwangalia Chameli. Akasema, “Mimba ya uzeeni hupanda machoni.” Akaendelea na kazi.

NASEEM: Akasema hivyo? Daktari?

SHAKIR: Kwa mdomo wake, hata kutabasamu hakutabasamu.

NASEEM: Mungu ampe mume mwema.

SHAKIR: Sasa sikia balaa lenyewe. Habari zimetoka. Tembo bibi kizee kapata mimba! Wanawake wanakuja. Kwanza wa kwetu, wakaleta bangili.

NASEEM: Bangili za nani?

SHAKIR: Za Chameli! Mipira ya ndani ya matairi ya pikipiki, wameipaka rangi ya dhahabu. Wakamvika mkongani, wakamwimbia nyimbo za mzazi. Halafu wakaanza kuja wa mbali, wale wasiopata watoto. Kutoka Sikar, kutoka Ajmer. Wanapanga foleni tangu alfajiri wamguse tumbo. Mmoja kaja na mume wake amemshika sikio.

NASEEM: [anacheka sana] Wacha, wacha, Gulnaz anauliza nini—

SHAKIR: Na kwenye foleni, dada, leo, yupo Bi Kamla.

NASEEM: Kamla wa Banwari?

SHAKIR: Mke wake mwenyewe. Miaka kumi na moja wameoana. Kaja na nazi na kitambaa chekundu. Kafunga, tangu jana ni chai tu. Banwari alifungua mdomo aseme kitu, akamwona mkewe vile alivyoweka paji la uso kwenye ubavu wa Chameli... akaufunga.

NASEEM: Hajui Kamla?

SHAKIR: Hajui lolote. Banwari hawezi kumwambia yeye, na hawezi kuwaambia watu wa leseni. Kwa hiyo ameita lori.

NASEEM: Lori la nini?

SHAKIR: La Chameli. Limekuja, lipo hapa nyuma ya ukuta. Kuna mtu Bihar anamtaka. Atatembea naye mitaani barabara za lami, tembo kipofu, watu wampe chochote. Banwari atasema mimba imetoka na mama kafa nayo. Ndiyo maana nakupigia! Kaniambia nimpandishe sasa hivi, wakati wanawake wanakunywa chai.

NASEEM: Na wewe umemjibu nini?

SHAKIR: Nimemwambia naenda msalani.

NASEEM: Sasa uko msalani?

SHAKIR: Nyuma ya msala. Ndani mna dereva.

NASEEM: Shakir, nisikilize. Yule mnyama hapandi lori la mtu bila kuitwa. Haoni. Anafuata sauti. Sauti ya nani?

SHAKIR: Yangu. Ya baba, halafu yangu.

NASEEM: Basi nyamaza.

SHAKIR: Nyamaza vipi?

NASEEM: Nyamaza! Ufunge mdomo! Si kila siku nakuomba uufunge, leo mara moja tu una faida?

SHAKIR: Atanifukuza, dada. Nyumba tunayolala ni yake.

NASEEM: Akikufukuza utakuja Tonk, tutalala sakafuni na huyu mama mkwe. Chameli atalala wapi huko Bihar?

SHAKIR: Ngoja. Ngoja, anamwendea mwenyewe. Banwari. Namwona kwenye upenyo wa ukuta.

NASEEM: Anafanya nini?

SHAKIR: Anamwita. Ya Allah... dada, anaiga sauti yangu.

NASEEM: Eti?

SHAKIR: Anaiga! “Chameliii, njoo mama, njoo roho yangu.” Mimi nasema hivyo? Ndivyo ninavyosikika?

NASEEM: Kidogo puani, ndiyo.

SHAKIR: Chameli kasimamisha masikio. Anasikiliza. Dada, kainua mguu...

NASEEM: Usiniambie.

SHAKIR: Kaushusha palepale. Sasa anachukua vumbi. Anachukua vum— Lo! Kammwagia! Kichwani! Ile suruali!

NASEEM: [anacheka] Kumbe ashanunua nyingine?

SHAKIR: Kamwita dereva sasa. Wanashika ile fimbo ya ndoano. Dada, wanataka kumvuta sikio.

NASEEM: Yuko wapi Kamla?

SHAKIR: Kwenye chai.

NASEEM: Mwendee.

SHAKIR: Nimwambie nini? Kwamba mumewe ni mwongo, kwamba hakuna mtoto humo ndani?

NASEEM: Nani kakwambia umwambie hivyo? Mwambie lori limekuja kumchukua Chameli. Si kweli?

SHAKIR: Kweli.

NASEEM: Basi sema kweli hiyo, nyingine muachie Mungu. Kimbia! Usikate simu!

SHAKIR: [hatua, pumzi, sauti za watu] Bi Kamla! Bi Kamla, samahani... kuna lori... Chameli anachukuliwa... ndiyo, sasa hivi... nyuma, nyuma ya ukuta... [kelele]

NASEEM: Haloo? Shakir? Kasemaje?

SHAKIR: [anahema] Hakusema. Kaweka kikombe chini taratibu. Anatembea. Wote wanatembea, foleni nzima na vikombe vyao.

NASEEM: Mfuate!

SHAKIR: Namfuata! Kafika. Banwari kaficha fimbo nyuma ya mgongo. Bi Kamla hamtazami hata. Anakwenda kwenye lori... dada, anakaa.

NASEEM: Anakaa wapi?

SHAKIR: Chini. Mbele ya gurudumu. Na nazi mapajani. Na wale wengine nao wanakaa. Yule wa Ajmer kakaa juu ya mguu wa dereva, dereva anaomba radhi.

NASEEM: Banwari?

SHAKIR: Anasema, “Kamla, inuka, watu wanaona.” Yeye anamjibu—

NASEEM: Anamjibu nini?

SHAKIR: Anamjibu, “Miaka yote hii nimeonwa. Leo nimekaa.”

NASEEM: Na mumewe?

SHAKIR: Banwari analia, dada. Au ni vumbi. Sijui, anajifuta machozi na vumbi kwa pamoja. Anamwambia dereva... ngoja nisikie... anasema, “Wewe mjinga, mbona umekuja mtupu? Nilikwambia ulete miwa ya wajawazito!” [anacheka] Anamfokea mbele za watu! Miwa ya tembo wote wanne, na dereva anaitikia ndiyo mzee, nimesahau mzee!

NASEEM: Alhamdulillahi. Alhamdulillahi rabbil-alamin.

SHAKIR: Muuza miwa naye kasikia. Anataka simu yake.

NASEEM: Mwambie asubiri, si katajirika sasa hivi! 

SHAKIR: Dada, lakini hili lina mwisho wake. Tembo anabeba karibu miaka miwili. Laila atazaa. Hawa watatu je? Watu watauliza watoto wako wapi.

NASEEM: Bijli atakuwa na mguu mzima. Rajkumari mgongo utakuwa umepona. Wakisema mimba ilipotea, ilipotea. Mimba hupotea, mdogo wangu, hakuna anayemuuliza mwanamke maswali mengi.

SHAKIR: Na Chameli?

NASEEM: Chameli hatafika huko, Shakir.

SHAKIR: [kimya] Najua.

NASEEM: Basi.

SHAKIR: Basi. Dada... kelele zimenyamaza ghafla hapa. Sijui... subiri. Anapiga magoti.

NASEEM: Nani, Kamla?

SHAKIR: Chameli. Anapiga magoti ya nyuma. Anajilaza. Analala chini, dada, kwa ubavu, mchana kweupe!

NASEEM: Kwa ubavu? Chameli? Yule si analala amesimama, ameegemea ukuta? Tangu magoti yalipoharibika—

SHAKIR: Tangu wakati huo sijamwona chini. Nilimmwagia mchanga laini jana, maana hana safari ya alfajiri. Kalala! Kakunja mkonga na zile bangili.

NASEEM: Anapumua? Shakir, tazama vizuri, anapumua?

SHAKIR: [minong'ono] Anakoroma.

NASEEM: Sogeza simu.

SHAKIR: [mngurumo mrefu, mzito] Umesikia?

NASEEM: Nimesikia. Na huyo anayelia kwa mbali?

SHAKIR: Banwari. Kamla kamwambia avue kilemba ampepee tembo nzi. Anapepea. Muuza miwa ananivuta shati, dada, anasema salio lake linakwisha—

NASEEM: Nenda, nenda! Ngoja— Gulnaz ananiita, uchungu umeshika, jamani maji ya moto yako wapi! Shakir, usimwamshe! Mtu yeyote asimwam—